Umbea kazini: nitoe waraka wa kuupiga marufuku?

SWALI: Nimepandishwa cheo miezi michache iliyopita na sasa nasimamia kitengo cha watu kumi na mmoja, wengi wao tulikuwa tunakaa meza moja. Nikiingia chumbani maongezi yanakatika. Nimesikia wanasema nafasi hii nilipewa kwa kujuana na mkurugenzi. Kuna tetesi pia kwamba tutaunganishwa na kitengo kingine na watu watapunguzwa; mimi mwenyewe sijaambiwa lolote la uhakika. Na kuna kijana mmoja, mgeni kwetu, ambaye kila kosa linaangukia kwake. Nimeandika, na nakutumia hapa, rasimu ya waraka wa kukataza umbea na majungu, adhabu yake onyo la maandishi. Niutoe? Kama si hivyo, nifanyeje?

JIBU: Dada, usiutoe. Nalisema hilo mapema kwa sababu naona waraka uko tayari mezani, na ukishabandikwa ukutani hautatoka vichwani mwa watu hata ukiubandua.

Soma tena ulichoniandikia. Kuna mambo matatu humo, na waraka wako unayatia yote kapu moja. La kwanza ni maneno kuhusu wewe na cheo chako. La pili ni tetesi za kuunganishwa. La tatu ni huyo kijana. Yote yanasemwa kwa sauti ya chini, yote yanakatika ukiingia, lakini kila moja lina chimbuko lake na dawa yake. La kwanza linakuumiza roho, la pili linakuvurugia kazi, na la tatu linaweza kumharibia mtu maisha. Hilo la tatu umeligusa kwa sentensi moja tu. Mimi nitakaa nalo zaidi.

Kabla ya hapo tuutazame umbea wenyewe. Robin Dunbar, mtaalamu wa Uingereza wa mageuzi ya binadamu, na wenzake walisikiliza maongezi ya kawaida ya watu, na katika utafiti waliouchapisha mwaka 1997 wakaona kwamba karibu theluthi mbili ya muda wa maongezi inakwenda kwenye habari za watu na mahusiano yao. Mwaka 2019, Megan Robbins na Alexander Karan wa Chuo Kikuu cha California, Riverside, walichapisha uchambuzi wa maongezi ya watu 467 waliokuwa wamevaa vinasa sauti vidogo katika shughuli zao za kila siku. Kwa wastani kila mmoja alitumia dakika 52 kwa siku kumzungumzia mtu asiyekuwepo. Lakini karibu robo tatu ya maneno hayo hayakuwa na sifa wala lawama: fulani kahama, mtoto wa fulani anaumwa, fulani leo kachelewa. Na ile hukumu ya zamani kwamba wanawake ndio wachafuzi wa majina ya watu haikupata ushahidi. Katika kumsema mtu vibaya hawakuwazidi wanaume. Nakuandikia hili kwa sababu najua kuna watakaokuambia kitengo chako kina umbea kwa kuwa kina wanawake wengi. Usilipokee.

Sasa ukiyakataza hayo, utakuwa umekataza nini hasa? Mfanyakazi anajuaje kwamba fomu ikipitia dawati fulani hukaa wiki nzima, kwamba mkuu fulani hapendi kupigiwa simu mchana, kwamba mwenzake kafiwa na wiki hii asiminywe na kazi? Hakuna mwongozo wa ajira unaoyaandika hayo. Yanapita mdomo kwa mdomo. Mtu anayezijua kanuni zote lakini hajaambiwa haya ya chini kwa chini atajikwaa kila siku, na wenzake watamwona mzembe. Mtazame kijana wako kwa jicho hilo. Huenda sehemu kubwa ya shida yake ni kwamba yeye anasemwa lakini haambiwi kitu.

Mwanaanthropolojia Max Gluckman aliandika mwaka 1963 kwamba kusemana ni kifungo cha kikundi: kwa masengenyo watu wanakumbushana lipi linakubalika na lipi ni aibu, na kuruhusiwa kushiriki ni dalili kwamba umeshakuwa mwenzao. Miaka minne baadaye Robert Paine akampinga, akisema kikundi hakina mdomo, wenye midomo ni watu, na kila mmoja anasema kwa faida yake. Kwa maoni yangu wote wawili wana haki, na msimamizi anayemsikiliza mmoja tu atapotea. Ukimsikiliza Gluckman peke yake utayaacha majungu yamle mtu huku ukiyaita mshikamano. Ukimsikiliza Paine peke yake utaona anayekuchimba kila watu wawili wanaposimama dirishani.

Kuna na maneno ambayo ni kinga. Mwaka 2017, madai ya unyanyasaji wa kingono dhidi ya mtayarishaji filamu Harvey Weinstein yalipochapishwa, ilionekana wazi kwamba katika tasnia ile wanawake walikuwa wakionyana kwa siri kwa miaka mingi. Onyo la namna hiyo ndiyo silaha ya mtu ambaye hana mahali pa kushtaki, au akishtaki atapoteza yeye. Waraka wako, jinsi ulivyoandikwa, ungempa onyo la maandishi mwanamke anayemwambia mwenzake, “Usibaki na yule bosi ofisini baada ya saa za kazi.” Najua hukukusudia hivyo. Lakini waraka hausomi nia ya aliyeuandika.

Wapo waliojaribu njia unayoiwaza. Mwaka 2007 wanawake wanne, waajiriwa wa mji wa Hooksett katika jimbo la New Hampshire, Marekani, walifukuzwa kazi kwa kuzungumzia uvumi wa uhusiano wa kimapenzi kati ya mkuu wao na mfanyakazi mwingine. Jambo ambalo lingeishia ndani ya jengo moja likasomwa nchi nzima. Na mwaka 2014 Bodi ya Taifa ya Uhusiano wa Kazi ya nchi hiyohiyo iliamua kwamba sera ya chuo kimoja cha ufundi ya kukataza umbea ilikuwa pana mno, ikiwanyima wafanyakazi haki ya kuzungumza wao kwa wao kuhusu mshahara na masharti ya kazi. Kila nchi ina sheria zake, na mtu wa rasilimali watu kwenu atakueleza za kwenu, lakini hatari ni ileile kokote: ukikataza umbea kwa jumla unakataza na malalamiko halali.

Tuje kwenye tetesi za kuunganishwa, maana hizo ndizo rahisi kuzitibu na ndizo zinazochelewa kutibiwa. Mwaka 1947 Gordon Allport na Leo Postman walieleza kwamba uvumi hutegemea mambo mawili yanayozidishana: uzito wa jambo kwa wanaolisikia, na utata wa habari zilizopo. Kwa kuwa yanazidishana, moja likiwa sifuri uvumi unakufa. Uzito huwezi kuupunguza. Ajira ya mtu ni chakula cha wanawe. Kilicho mikononi mwako ni utata.

Tazama uvumi unavyofanya kazi. Mhasibu kaitwa juu na faili mbili, mlango ukafungwa. Saa nne anatoka bila kumsalimu mtu. Saa sita kuna anayesema bajeti ya mwaka ujao haina fungu la kitengo chenu. Jioni kuna orodha ya majina, na anayeitaja hajaiona. Hapo hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja amechukua kipande alichonacho, akaacha kisichoingia, akakuza kinachofanana na hofu yake, akampa mwenzake. Ukimfokea wa mwisho umefokea mnyororo mzima, na kesho watakuwa wanasimulia tena, safari hii na nyongeza kwamba bosi kakasirika, kwa hiyo ni kweli.

Wala usidhani maneno ya korido ni uongo mtupu. Keith Davis, aliyeanza kuyachunguza ndani ya makampuni tangu mwaka 1953, alionyesha kwamba kwa habari za kawaida za kazini mara nyingi yanakuwa sahihi, na yanakwenda kasi kuliko barua rasmi. Kosa la maneno hayo ni kwamba kipande kidogo kinachokosewa ndicho mara nyingi kilicho muhimu: kuunganishwa kweli kupo, kupunguzwa hakupo.

Kwa hiyo nenda kwa mkurugenzi wiki hii, kabla hujasema chochote kwa watu wako. Mwulize mambo matatu: uamuzi umefanywa au bado, utajulikana lini, na nini naruhusiwa kuwaambia. Halafu waite wote kumi na mmoja kwa wakati mmoja, ukiwa umesimama, dakika kumi zinatosha. Useme kwa maneno ya namna hii: “Nimesikia kuna tetesi kwamba tutaunganishwa. Nimemwuliza mkurugenzi. Amesema uamuzi haujafanywa, na utatangazwa mwisho wa mwezi ujao. Sijui idadi wala majina. Nikijua kinachoruhusiwa kusemwa nitawaambia nyote pamoja, si mmoja mmoja.” Kisha nyamaza uulizwe. Usiahidi kwamba hakuna atakayeguswa. Hujui, na ahadi ya huruma ikivunjika itawafundisha kwamba habari za kweli zinapatikana kwingine, si kwako. Na tarehe uliyoitaja ikifika bila habari mpya, wakusanye tena uwaambie kwamba hakuna habari mpya. Wasimamizi wengi hushindwa hapo. Wanaona aibu kusimama mbele ya watu mikono mitupu, wanakaa kimya, na ukimya wao unasomwa.

Maneno kuhusu cheo chako nayo yana maumivu yake, sikatai. Hasa yanapotoka kwa watu uliokuwa ukicheka nao. Lakini kukatika kwa maongezi si lazima kuwe chuki. Kwenye kiwanda cha Hawthorne cha kampuni ya Western Electric, karibu na Chicago, watafiti waliwachunguza wanaume 14 wa chumba cha kuunganisha nyaya kuanzia 1931 hadi 1932. Wakakuta kikundi kina sheria zake ambazo hakuna aliyeziandika: usizidishe kazi ukawaumbua wenzako, usizembee wakakubebea mzigo, na usimfikishie msimamizi neno litakalomdhuru mwenzako. Wewe umevuka ukaingia upande wa pili wa sheria hiyo ya tatu. Wangenyamaza hata angeingia mtu mwingine aliyeshika nafasi yako. Usilipe kisasi kwa jambo ambalo halikukusudiwa wewe.

Hilo la kujuana ni jingine. Lea Ellwardt na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2012, walikuta kwamba wafanyakazi wanamsema kiongozi vibaya zaidi pale wanapokosa imani naye. Kwa hiyo chunguza imani imevunjikia wapi. Je, nafasi ile ilitangazwa? Watu walijua vigezo? Kuna mtu aliyeitarajia, mwenye miaka mingi kuliko wewe, ambaye hakuna aliyemweleza kwa nini hakuipata? Mara nyingi maneno yanamtaja mtu huku yanalalamikia utaratibu. Kama ulipandishwa bila watu kuelezwa, wana haki ya kuulizana, hata kama jibu walilojipa si la kweli na linakuvunjia heshima.

Usiitishe kikao cha kujitetea. Ukijitetea mbele ya watu kumi na mmoja, watano ambao hawakuwa wamesikia watakuwa wamesikia. Badala yake, mambo unayoyagawa sasa, yagawe mchana kweupe: nani anakwenda mafunzo na kwa nini yeye, likizo zinapangwa kwa kanuni gani, kazi ngumu anapewa nani na mara ngapi. Yule aliyeikosa nafasi, kaa naye peke yake, umwulize anataka kufika wapi, umpe jukumu analolimudu, lenye jina. Baada ya miezi michache watakusema bado, maana kiongozi husemwa tu, ila watasema mengine.

Sasa kijana.

Ellwardt na wenzake, katika utafiti mwingine wa mwaka huohuo wa 2012, waliangalia nani hasa anasemwa kazini. Sifa nzuri zilisambaa kwa wengi. Maneno mabaya yalirundikana kwa wachache, na wachache hao walikuwa wale wasio na hadhi wala marafiki wengi ndani ya kikundi. Yaani kikundi huchagua wa kubebeshwa. Unaposema kila kosa linaangukia kwake, hiyo ndiyo picha, na mgeni asiye na wa kumtetea ndiye wa kwanza kuchaguliwa.

Hatari ni kwamba utaanza kuamini na wewe. Tuna msemo wetu, lisemwalo lipo na kama halipo laja, na kazini msemo huu umetumika kama ushahidi mara nyingi mno. Mwaka 2007 Ralf Sommerfeld na wenzake nchini Ujerumani walifanya jaribio: washiriki wa mchezo wa kusaidiana waliona kwa macho yao yale ambayo mwenzao aliyafanya, na pamoja na hayo wakapewa maneno ya watu wengine kumhusu. Maneno yaliwayumbisha, ingawa ukweli wenyewe ulikuwa mbele yao. Kama macho hayatoshi kuwakinga watu na uvumi, na wewe ambaye hukuona lolote una kinga gani? Kwa hiyo usikae na hisia. Chukua makosa ya miezi mitatu iliyopita, moja moja, uandike: kazi ilianzia kwa nani, ikapita kwa nani, kosa lilionekana wapi, lilisemwa ni la nani. Uifanye mwenyewe, usimtume mtu. Huenda ukakuta kijana anakosea kweli, basi utajua anakosea nini na umfundishe nini. Huenda pia ukakuta makosa ya watu watano yamepewa jina la mmoja.

Kisha kuna namna mazungumzo yanavyokwenda. Donna Eder na Janet Enke waliwasikiliza vijana wa shule kwa karibu, wakachapisha mwaka 1991 jambo ambalo nimeliona likifanya kazi hata kwa watu wazima: mtu akimsema asiyekuwepo, kinachoamua maongezi yaende wapi ni jibu la kwanza linalofuata. Mtu wa pili akiunga mkono, wote watafuata na ni vigumu kwa yeyote kupinga. Wa pili akipinga au akihoji, mlango unabaki wazi. Chukua mfano. Ripoti imetoka na takwimu za mwezi usio wake. Wa kwanza anasema, “Ni yuleyule tena.” Wa pili akicheka, imekwisha; kijana amehukumiwa kabla ya mapumziko. Lakini wa pili akiuliza, “Kwani ilipita kwa nani kabla ya kutumwa?” maneno yanarudi kwenye kazi. Hakugombana na mtu, hakumtetea mtu. Aliuliza tu, na aliuliza mapema.

Nataka wewe uwe huyo wa pili kila unapokuwepo. Na kwa kuwa hutakuwepo mara nyingi, tafuta mmoja anayeheshimika pale, ambaye akiongea watu wanatulia, umpe kijana awe chini yake kwa mafunzo. Usimwombe amtetee. Mpe dhamana ya kazi ya kijana, na kuanzia hapo kosa la kijana litakuwa linamgusa na yeye. Ataanza kuuliza maswali bila kuombwa. Tena kwa njia hiyo kijana ataanza kuambiwa yale ya chini kwa chini niliyoyataja.

Usimpelekee kijana orodha ya yaliyosemwa. Hayatamsaidia, na utakuwa umeyasambaza wewe. Mwulize kazi inakwendaje, anakwama wapi, anakula na nani mchana. Akikuambia mwenyewe kwamba anatengwa, msikilize hadi mwisho.

Ukigundua kuna anayeyapika majungu kwa makusudi, yaani anasema uongo anaoujua, au anatoa siri ya ugonjwa au ndoa ya mtu, au anawapanga watu wasimpe kijana taarifa anazohitaji kufanya kazi, hapo sahau upole wangu wa hapo juu. Mwite peke yake. Taja tendo, tarehe na madhara: “Jumanne ulisema yeye ndiye aliyefuta faili; rekodi inaonyesha hakuwa kazini siku hiyo.” Usimwambie “una umbea”, atakukana na atakuwa sahihi, maana kila mtu ana umbea. Akirudia, onyo la maandishi ni halali, na liandikwe kwa tendo hilo. Hapo utakuwa na ushahidi, na hata wanaompenda wataelewa.

Limebaki la mdomo wako na masikio yako. Rafiki mmoja wa zamani atakuja kukuletea habari, mlango akiufunga. Ukimpokea kila siku, kitengo kitajua ndani ya wiki kwamba una mpelelezi, na wengine wote watafunga midomo hata kwa mambo unayopaswa kuyajua. Lakini usimfukuze pia. Matthew Feinberg na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba watu wakishuhudia mtu akidhulumu wenzake mapigo ya moyo yanapanda, na wakipata nafasi ya kuwaonya wengine wanatulia. Kuna anayesema kwa kuwa amelemewa na dhuluma aliyoiona. Utawatofautisha kwa swali moja: “Unataka nifanye nini na hili?” Aliyelemewa ana jibu. Aliyeleta maneno tu atasema, “Aa, nilikuwa nakujulisha,” na akishaulizwa hivyo mara mbili tatu ataacha.

Na wewe mwenyewe usimseme mfanyakazi wako mbele ya mwenzake, hata kwa utani, hata kwa rafiki wa zamani. John Skowronski na wenzake walionyesha mwaka 1998 kwamba msikilizaji humvika msemaji tabia ileile anayoisema: ukisema fulani mvivu, baada ya siku chache katika kichwa cha aliyekusikia uvivu umekaa na wewe. Ukiwa na la kumlaumu mtu, mwambie yeye. Ukiwa na la kumsifu, lisambaze kadiri unavyoweza, asiyekuwepo akiwa ndiye anayesifiwa. Litamfikia, na likifika kupitia kwa mtu mwingine ataliamini.

Rasimu yako usiichane yote. Ile aya inayokataza kutoa taarifa za afya, familia na mafaili ya wafanyakazi ihifadhi, mpelekee mtu wa rasilimali watu aione kama inakubaliana na kanuni zenu, kisha itolewe kama kanuni ya faragha inayowahusu wote, wewe na mkurugenzi mkiwemo. Zilizobaki zifute. Anza na mkurugenzi, halafu kikao cha dakika kumi, halafu makosa ya miezi mitatu, na hilo la mwisho lisipite wiki mbili.